Kunyanzi na Siku Mbili za Kimya

Haya, sogea karibu, simu weka chini, nikupe cha kufikiria. Nina rafiki anayesema kutwa nzima bila sauti. Ukifumba macho tu, amenyamaza. Nani huyo?

Usikimbilie kujibu. Ukisema redio umekosa, redio sauti inayo, tena nyingi. Mjukuu wangu mkubwa alisema ni kitabu, nikampa nusu, maana kitabu kweli hakina sauti na ukifumba macho kinanyamaza. Lakini kitabu hakiwezi kukucheka usoni. Huyu wangu anakucheka. Ni mikono, mjukuu wangu. Mikono ya watu waliofanya kazi penye kelele.

Mimi na shoga yangu tulifua nguo za hospitali miaka ishirini na saba. Si kufua kwa beseni, ni kwa mashine, mashine sita kila moja kama chumba cha kulala, na vikaushio vinne vilivyokuwa vikinguruma kama lori linalopanda mlima lisifike. Humo ndani ukitaka kumwambia mwenzako asogee, unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke na asikusikie. Basi tukajizoeza kusema kwa mikono na midomo. Hakuna aliyetufundisha, ilikuja tu, kama mtoto anavyojua kutambaa. Kidole sikioni maana yake msimamizi anakuja. Kiganja shavuni, twende tukanywe chai. Madoa tuliyapa namba: moja ni chai, tatu ni damu, na nane ni lile doa lisilotoka hata ulifanyeje. Baadaye na watu tukaanza kuwapa namba, na wapo kina baba kadhaa pale hospitali waliostaafu bila kujua kwamba walikuwa nane.

Na ukitaka kuyakata mazungumzo, unafumba macho. Basi. Mwenzako atapunga mikono mpaka achoke. Kumfumbia mtu macho mle ndani kulikuwa sawa na kumfungia mlango.

Mimi waliniita Povu, na sababu utaijua mwenyewe kadiri ninavyoendelea. Yeye walimwita Kunyanzi, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuliona hata moja. Shuka likitoka mikononi mwake ungeweza kuandika barua juu yake.

Tulipostaafu, nyumba zetu zilikuwa zinachangia ukuta, na ukuta ule ndio ulikuwa mawasiliano yetu. Asubuhi nagonga mara mbili, naye anagonga mara mbili, nimejua kumekucha salama kwake. Waume zetu walishatutangulia, wa kwake kwanza, wangu akafuata baada ya mwaka, kama vile walikuwa na miadi. Wanangu wamesambaa. Kwa hiyo ukiniuliza siku zile nilikuwa naishi na nani, ningekujibu naishi na ukuta.

Sasa Kunyanzi ana binti mmoja, mwalimu wa sekondari, anakaa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Siku moja akaja na habari kwamba ametukatia nafasi sisi wawili, kutoka Ijumaa mpaka Jumapili, katika hoteli ya kupumzisha mwili kule juu milimani. Kuna bwawa la maji ya moto, akasema, kuna kukandwa, kuna chumba cha mvuke ambamo mtu anakaa tu anatoka jasho. Nikamwambia sisi jasho tulikuwa tukilipwa kulitoa, leo tulilipie? Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Alitupeleka mwenyewe kwa gari. Pale getini, mama yake akiwa anamsomesha mlinzi namna ya kushika begi bila kulikunja, binti akanishika kiwiko akanivuta pembeni.

"Mama mdogo," akasema, "nimemwandalia chumba nyumbani kwangu. Nimemwuliza mara tatu kama atahamia, mara tatu amegeuza maneno. Wewe atakujibu. Muulize, nikija kuwachukua Jumapili saa sita nijue moja."

Nikamwambia aniachie mimi. Nilisema upesi, kwa sauti ya mtu mzima anayejua wajibu wake. Lakini miguu yangu ilikuwa kama imekanyaga ngazi ambayo haipo. Kunyanzi akisema ndiyo, mimi nitabaki nikigonga ukuta ambao haujibu.

Mpokezi wa hoteli alituelezea masharti kwa kunong'ona. Tangu jua linapozama siku ile ya Ijumaa mpaka Jumapili saa sita mchana, ndani ya geti hakuna kusema. Wageni wamekuja kupumzika na maneno, ya kwao na ya wenzao. Mwenye shida ataandika kwenye kikaratasi. Simu zetu zikatiwa katika vifuko vya kitambaa, vikafungwa kwa uzi kama vile ni mbegu za kupanda mwakani. Kunyanzi akaninong'oneza kwamba mimi, Povu, hapa sifiki chakula cha usiku, nitapasuka.

Chumba chetu kilikuwa cheupe kila mahali, kuta, mapazia, vitanda viwili, na dirishani ukungu ulikuwa umejibandika kwenye kioo kama na wenyewe ulikuwa ni pazia. Juu ya kila kitanda walikuwa wamekunja taulo likawa bata mwenye shingo ndefu. Kunyanzi akamtazama bata yule kama polisi anavyomtazama mwizi aliyerudi. Akamkung'uta, bata akawa taulo tena, akalikunja mara tatu kama kanuni ilivyo, akaridhika. Alitumia muda mrefu kulikunja. Nikadhani anafurahia.

Tukavaa majoho ya taulo waliyotupa, na ndara laini, tukatoka. Mjukuu wangu, sijui nikueleze vipi mahali pale. Watu walikuwa wanapita kwenye korido wamevaa meupe, polepole, bila neno, kama watu waliokufa na hakuna aliyewaambia. Ukungu uliingia kwa mlango mmoja ukatokea kwa mwingine. Maji yalikuwa yanatiririka mahali fulani, sikuwahi kujua ni wapi. Nilijikanyaga mguu mwenyewe ili nisikie maumivu, nijue niko macho.

Chakula cha jioni kikaliwa kwa sauti ya vijiko tu kugusa sahani. Nilikuwa nimeshaanza kufura. Ndipo nikainua macho nikamwona Kunyanzi, aliyekuwa ameenda kujipakulia supu upande wa pili wa ukumbi, anagusa sikio lake kwa kidole. Msimamizi anakuja. Nikageuka, na kweli, nyuma yangu alikuwa anapita yule mama wa kengele, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka na kengele ndogo na kuigonga mara moja pale anaposikia mtu ananong'ona. Nikamwuliza Kunyanzi kwa midomo, yule ni namba ngapi? Akafikiri. Akasema moja, chai tu, atatoka. Halafu akanyoosha kidevu kwa bwana mmoja aliyesinzia mbele ya bakuli mdomo wazi, akasema yule ndiye nane.

Nilicheka kwa pua. Kengele ikagongwa.

Watu wote pale walikuwa maskini wa maneno, wanaandika vikaratasi viwili vitatu wanachoka. Sisi tu ndio tuliokuwa matajiri. Tulisema, mimi kwa mikono, yeye zaidi kwa midomo, mpaka usingizi ukatupata kila mtu kitandani mwake, na nilipolala nikaota niko chumba cha kufulia, mashine zote sita zinazunguka, zimejaa mawingu.

Jumamosi asubuhi ndipo tulipofanya kituko. Niliamka, na kabla akili haijafika, mikono yangu ilishavua shuka la kitanda. Miaka ishirini na saba si mchezo. Nikamgeukia Kunyanzi, naye ameshavua la kwake. Tukatazamana, tukaona haya, lakini shuka likishavuliwa halivaliki tena. Tukaanza kulikunja la kwanza kama zamani, yeye pembe zake mbili, mimi zangu mbili, tunakutana katikati, nampa, narudi kuchukua mkunjo wa chini. Pembe moja ikamponyoka. Akaiokota. Tukarudia, ikamponyoka tena. Akasema kwa midomo kwamba sabuni yao mbaya, inateleza. Nikamcheka, nikamwambia uzee unamteleza yeye. Hakunicheka.

Mfanyakazi wa vyumba akafungua mlango akatukuta tumemaliza, mashuka yamekaa mlangoni yamepangwa kama ya hospitali. Masikini yule mama. Alitaka kupiga kelele na kupiga kelele hakuruhusiwa. Alifungua mdomo, akaufunga, akashika kichwa, akachukua kikaratasi akaandika: Tafadhali, hii ndiyo kazi yangu. Kunyanzi alikisoma mara mbili, akamwinamia kama vile amemkosea mkwe.

Baada ya chai tukaenda chumba cha mvuke. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitamwuliza humo. Tulikuwa sisi wawili tu, tumekaa kwenye benchi za mbao zinazotazamana, na mvuke katikati yetu mzito kiasi kwamba uso wake ulikuwa unakuja na kuondoka. Mwili ulilegea kila mahali. Mawazo nayo yalilegea. Ningeweza kukaa mle mpaka nisahau nimekuja kufanya nini, na nusu ya moyo wangu ilikuwa inaomba nisahau.

Mvuke ulipopungua kidogo, nikanyoosha mikono nikamwuliza. Binti yako anakutaka kwake. Amekuandalia chumba. Unahamia?

Akanitazama usoni muda mrefu. Mikono yake ilikuwa ndani ya mikono ya joho lake, haikutoka. Halafu akafumba macho.

Sikuamini. Kunyanzi alinifumbia macho mara mbili tu tangu tufahamiane, na zote mbili nilikuwa nimemtukania mumewe. Nikangoja. Jasho lilimtiririka kwenye kope na hakulipangusa. Mvuke ukaja tena ukamfunika, na ulipoondoka alikuwa bado amefumba.

Mchana tukakandwa. Chumba kimoja, meza mbili, kitambaa cha uvuguvugu juu ya macho, na mkandaji mama mnene mwenye viganja kama mikate iliyotoka jikoni. Mimi nilielea. Nilikuwa najiona niko mdogo, nimelala juu ya rundo la mashuka yaliyotoka kukaushwa, yale tuliyokuwa tukijitupia zamu ya asubuhi msimamizi akiwa chooni. Kilichonirudisha ni mkandaji kuguna. Nikasogeza kitambaa kwa kidole. Alikuwa upande wa Kunyanzi, anajaribu kumkanda viganja, na Kunyanzi ameficha mikono yote miwili chini ya tumbo lake, amelalia, anatikisa kichwa hapana, hapana. Mkandaji akamtazama, akamfunika shuka mpaka shingoni, akaenda kumkanda miguu.

Nikajua kuna jambo. Lakini nilijidanganya kwamba ni hasira, amenikasirikia na ndiyo maana hataki kuniongelesha. Kutwa ile hakusema nami neno, si la mdomo si la mkono. Tulitembea bustanini, tukakaa ukingoni mwa bwawa miguu ikiwa majini, yeye anatazama kule, mimi natazama kule. Kimya cha watu wengine kilikuwa cha kupumzika. Cha kwetu kilikuwa na uzito.

Jumapili asubuhi wageni wanaotaka walipelekwa kuona mandhari. Siku hiyo tulijitokeza sisi wawili tu. Dereva ndiye aliyekuwa pia mwongozaji, na mara tulipotoka getini akatuambia kwa furaha kwamba huku nje tunaweza kusema tunavyotaka. Kunyanzi akaweka kidole mdomoni. Dereva akaniuliza kwa upole kama bibi huyu ni bubu. Nikamwambia laiti.

Mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani wala matangani, eti leo anaheshimu masharti mpaka nje ya geti.

Tulipita ziwa dogo lililokuwa halionekani, ila kwa sauti ya bata waliokuwa humo ndani ya ukungu. Tulipita kituo cha reli ambacho treni haiji tena, majani yameota katikati ya vyuma na mtu amepaka viti rangi ya buluu. Dereva alieleza kila kitu vizuri. Mimi nilikuwa nasikia saa inakwenda. Saa tano ilikuwa imeshapita robo. Binti yake lazima yuko njiani.

Mwisho akatufikisha kwenye daraja. Ni daraja la kamba za chuma na mbao, linaning'inia juu ya korongo, refu, na siku ile huoni mwisho wake, linaingia tu kwenye weupe likapotea. Chini mto unanguruma. Dereva akasema atatungoja pale, twende tufike katikati turudi, ila tushike kamba kwa mikono yote miwili wala tusiachie.

Nikatangulia. Mbao zilikuwa na umande, daraja lilikuwa linapumua chini ya miguu yetu. Hatua ishirini, dereva akapotea nyuma. Hatua arobaini, hakuna mwanzo wala mwisho, ni sisi wawili tumetundikwa ndani ya wingu. Mngurumo wa mto ulikuwa umejaa masikioni kama vikaushio vyote vinne. Nikageuka kuona kama anafuata.

Alikuwa anafuata. Lakini alikuwa hajashika kamba. Alikuwa amezikumbatia kwa viwiko, kiwiko huku na kiwiko huku, anajiburuza hivyo hivyo kama ndege aliyeumia mbawa zote mbili, na ncha za shali lake amezizungushia viganja.

Nikarudi. Nilirudi kwa haraka ambayo dereva asingeipenda. Nikamfungua shali, na hakunizuia. Vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, na vifundo vimevimba kama tangawizi. Nikajaribu kukifunga kiganja chake juu ya kamba. Hakikufungika. Nikajaribu kukinyoosha. Hakikunyooka.

Ndipo kila kitu kikaja kwa pamoja. Pembe ya shuka. Vikombe vya chai alivyokuwa ananipa miezi yote hii, vya nusu, na mimi namtania kwamba amekuwa mchoyo. Makopo anayoniletea mlangoni, leo fungua wewe, mimi mvivu. Lile taulo la bata. Kumbe kule kwenye mvuke hata angetaka kunijibu, angenijibu kwa mikono ipi?

Nikasogeza mdomo sikioni mwake, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, kwa sauti iliyokauka kwa kukaa siku mbili bila kutumika, kwamba ananijua. Ningehamia kwake na beseni langu. Ningemfulia, ningemvalisha, ningemfungia vifungo asubuhi na kuvifungua jioni, na mgongo wangu huu ulioharibikia kazini. Angekuwa amenirudisha zamu. Nikamwambia ningefurahi. Akasema anajua, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Halafu akaniambia jambo lililonikaa mpaka leo. Akasema kule ndani ya mvuke, wakati namwuliza kama anahama, nilikuwa natikisa kichwa.

Nikakataa. Akasema nilikitikisa, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Mikono inauliza unahamia, kichwa kinamjibia hapana. Akasema, "Povu, sasa ulitaka nijibu nini, na jibu ulishajipa?"

Nikanyamaza. Hebu fikiria, mimi kunyamaza. Nilitazama ule weupe pande zote, nikauona ukuta wangu, nikajiona nagonga mara mbili asubuhi, nikasikiliza. Nilisikiliza mpaka nikaweza kuvumilia kile nilichokisikia. Kisha nikashika mikono yake yote miwili, nikaiweka kifuani pangu isipate baridi, nikakaza shingo kichwa kisicheze hata kidogo, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi, nikamwuliza kwa mdomo kama watu wengine.

"Kunyanzi, shoga yangu. Unataka kwenda kwa mwanao?"

Alinitazama usoni, akalitafuta kunyanzi, asilione. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

"Nataka," akasema. "Nimechoka kufungua chupa ya dawa kwa meno, na meno yenyewe yamebaki haya mawili."